Mzee Wangu Ametangulia

Mama Pazia alikuwa na macho ya kuona pindo lililopinda akiwa ng'ambo ya barabara, na mdomo wa kulisema kabla hajavuka. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akishona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na mtaa mzima hapakuwa na dirisha lililobaki uchi kwa kosa lake. Mwenyewe alipenda kuongeza chumvi. Alisema aliwahi kushona pazia refu mpaka mwenye nyumba akalazimika kuongeza ghorofa ili lienee.

Kilichomshinda ni pazia la mawimbi. Wateja walimjia na picha kwenye simu, kitambaa kinateremka kama maji yanayomiminwa, mkunjo baada ya mkunjo, yote sawa kwa sawa. Yeye alijua marinda ya kubana kwa utepe. Mawimbi aliyajaribu mara tatu, yakatoka matuta.

Binti yake alipokuja kumsalimia akamwingiza kwenye kundi la mtandaoni la washonaji. Akamwonyesha pa kubonyeza ili aseme badala ya kuandika, maana Mama Pazia na herufi hawakuwahi kuelewana.

"Utajifunza humo, mama. Ila kwanza ujitambulishe. Usipojitambulisha wanakutoa."

"Wanitoe kwa kosa gani, nami ndiyo kwanza nimefika?"

"Ndiyo sheria yao."

Na kweli ilikuwa sheria. Kundi lilikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili, wote wamepitia mlango huo huo. Mgeni haonyeshi kazi yake, haulizi swali, hata kile kipicha cha mkono unaopunga haruhusiwi kukituma, mpaka aseme yeye ni nani. Kiongozi wa kundi, bwana mmoja aliyejiita Mwalimu Mkasi, alimtumia sauti nzito ya kukaribisha: "Karibu, mgeni. Tuambie jina, kazi, umeianza lini, na nyumbani uko na nani. Humu tunajuana kama ndugu."

Ilikuwa Jumapili, mchana. Siku hiyo Mama Pazia na mumewe walitakiwa kwenda kwa wifi yake, aliyekuwa amehamia nyumba mpya. Mumewe alikuwa Fundi Saa, mtu wa kutengeneza saa za mkononi na za ukutani, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, kuogopa kuchelewa. Akialikwa saa kumi, saa nane yuko njiani. Watu walisema hata tumboni mwa mama yake alikaa miezi minane, wa tisa akauona ni uzembe. Basi siku hiyo pia alikuwa ameshatoka, kamwacha mkewe anamalizia pindo la pazia la mteja.

Mama Pazia akabonyeza, akasema bila kuacha kushona:

"Hamjambo wote. Mimi ni mgeni. Naitwa Mama Pazia. Kazi yangu mapazia, mwaka wa ishirini na tisa huu. Watoto wawili, wakubwa, wana kwao. Mzee wangu hayupo, ametangulia. Mimi namalizia kipindo hiki tu, nami namfuata."

Hapo akashusha pumzi ndefu, kwa sababu pini ilikuwa imeanguka chini na mgongo haukutaka kuinama. Pumzi nayo ikaingia simuni. Akaachia kidole, akatupa simu mkobani, akaenda zake kwa wifi.

Alipofika, simu ilikuwa inatetemeka mpaka mkoba unatambaa wenyewe juu ya meza kama kaa. Akajifungia nayo jikoni kwa wifi yake, akaiweka sikioni. "Pole sana, dada." "Pole, mama." "Pole sana, mpendwa wetu." Akafurahi. Watu wana adabu hawa, akawaza, wananipa pole ya kazi hata kabla ya kuiona. Akasikiliza ya nne, ya tano. Ya sita ilikuwa ya mwanamke anayelia: "Dada, nakuomba! Usimfuate! Wafikirie watoto! Mtu aliyetangulia haombi afuatwe!"

Mama Pazia akatoa simu sikioni, akaitazama.

Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya marehemu. Alikuwa anamwambia dada yake kwamba saa ya ukutani iko nyuma dakika nne, na kwamba yeye angeona aibu kukaa chini yake.

Mama Pazia alicheka mpaka akashika ukingo wa jiko. Kisha akaweka kidole pale pa kubonyeza, awaambie jamani, mzee ametangulia kwa dada yake, si kwa Mungu. Kabla hajasema, sauti nyingine ikajicheza. Ilikuwa ya mwanamke, ya chini, haina haraka.

"Dada. Umekula leo? Kuna mtu wa kukuwekea hata maji ya kuoga?"

Kidole kikaondoka.

Fundi Saa hakuwa mume mbaya. Hakupiga, hakulewa, hakulala nje. Lakini kwa miaka thelathini na saba maswali yake kwa mkewe yalikuwa mawili: unamaliza saa ngapi, na miwani yangu iko wapi. Kama umekula? Hilo halijawahi kupita midomoni mwake. Mama Pazia akasimama jikoni kwa watu, akasikiliza pole arobaini na tatu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayelamba asali kwenye mfuniko. Akajiambia, nitawaambia kesho.

Kesho yake Mwalimu Mkasi alimpigia mwenyewe. Akamfundisha mawimbi tangu mwanzo: unapimaje nafasi ya pete na pete, unaachaje kitambaa kilegee kiasi, unapiga pasi wapi na wapi usiguse. Mama Pazia alikosea, akarudiwa. Akakosea tena, akarudiwa kwa upole. "Usijali, mama. Kwa hali uliyonayo, hata kushika mkasi ni ushujaa." Pazia la kwanza la mawimbi likatoka, na mteja akalichukua huku anacheka. Mama Pazia hakucheka. Mawimbi yalikuwa mazuri, na kila moja lilimkodolea macho.

Alijitetea moyoni. Mimi nimesema uongo gani? Nilisema hayupo, na hakuwepo. Nilisema ametangulia, na alitangulia. Walipomuuliza kama mzee aliugua muda mrefu, alijibu, "Hakuugua hata siku moja," na ilikuwa kweli tupu. Wakalia zaidi, eti kifo cha ghafla. Walipomuuliza alikuwa mtu wa namna gani, hapo akakwama. Ulimi ulikataa kusema "alikuwa" juu ya mtu aliyekaa mbele yake anakwangua mashapo ya chai kwenye kikombe. Akasema, "Mzee wangu ni mtu wa saa. Hachelewi." Kundi likanong'onezana: maskini, bado anamsema kama yupo. Hajakubali.

Hivyo akisema uongo ni uongo, akisema kweli ni uongo. Akaanza kuogopa hata kusalimia.

Yule mwenye sauti ya chini aliitwa Mama Vifungo. Aliuza vifungo na zipu kwenye soko kubwa, upande wa pili wa mji. Alianza kumpigia Mama Pazia kila siku, wateja wakipungua. Mumewe alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na miezi yote hiyo hakuwa amefungua mdomo kundini, mpaka aliposikia mtu anasema mzee wake ametangulia na huku cherehani inaendelea kulia.

"Nikasema, huyu ni mwenzangu," alimwambia. "Mtu anamalizia pindo na moyo umepasuka. Siku ile ile nikafungua kibanda."

"Haya," alisema Mama Pazia.

Siku ya tisa, Mama Vifungo akamweleza jambo.

"Siku aliyoondoka, aliniita. Mimi niko mlangoni na mteja, nachagua vifungo vya koti. Akaniita mara ya pili. Nikasema, ngoja. Mara ya tatu nikakasirika, dada. Nikamwambia, hivi huwezi kutulia? Nilipoingia... Sijamwambia mtu. Hata dada yangu wa tumbo moja."

Mama Pazia alisikia kelele za soko kwa mbali, mtu anataja bei ya zipu. Alitafuta neno la kumpa huyu mwanamke. Alitafuta kila mahali, na mkono ukaangukia lililo karibu.

"Hata mimi," alisema. "Hata mimi wangu aliniita, nikachelewa."

Upande wa pili Mama Vifungo alitoa pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia. "Kumbe si mimi peke yangu," alisema. "Asante, dada. Asante sana."

Mama Pazia akaweka simu juu ya kitambaa, akabaki anaiangalia. Mpaka saa ile alikuwa na pa kujificha. Maneno yake yalikuwa yameeleweka vibaya, basi, na kosa ni la masikio ya watu. Haya mawili, "hata mimi", hayakuwa na masikio ya kusingizia. Aliyatunga mwenyewe, mzima, ametulia kitini.

Kuanzia hapo akamgeukia mumewe kwa wema wa kutisha. Akamchemshia maji ya kuoga. Akamtia sukari vijiko vinne. Akampigia pasi hata soksi. Siku ya pili ya wema huo, Fundi Saa akaweka kikombe chini.

"Mke wangu, umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Umeuza kitu?"

"Kunywa chai, mzee."

"Hii si chai, ni asali ya moto. Mtu akiniwekea sukari namna hii, ama ana kesi ama anataka kuniua."

Mama Pazia akatoka nje haraka, kaenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Alhamisi Mama Vifungo akapiga, amechangamka. "Dada, Jumamosi nafunga mapema nakuja kukupa mkono. Pole ya simu haitoshi. Umesema mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, si ndiyo? Nitauliza wa mapazia."

"Usijisumbue, mbali..."

"Mbali nini! Nimeshapata wa kuniangalizia kibanda. Nataka nikuone, tukae, tulie mara moja tumalize."

Ijumaa haikuwa na saa ishirini na nne, ilikuwa na mia. Mama Pazia alishona mkono wa gauni lake mwenyewe kwenye pazia la jikoni. Hatimaye akaenda kusimama mbele ya meza ya mumewe, kwenye kona ya chumba, ambapo alikuwa na kioo chake jichoni na saa ya mtu imefunguliwa utumbo.

"Nimekuua," alisema.

Fundi Saa hakuinua kichwa. "Kwa nini?"

"Kwa bahati mbaya. Ulimi tu."

"Lini?"

"Jumapili ile tuliyoenda kwa dada yako."

"Saa ngapi?"

"Nitajuaje ni saa ngapi! Ulikuwa umeshatoka."

"Nilitoka saa nane na dakika ishirini," alisema Fundi Saa. "Kwa hiyo saa nane na nusu, si mapema."

Mama Pazia akamweleza tangu pini iliyoanguka. Fundi Saa alicheka mpaka kioo kikamdondoka. Akataka asikie pole zake. Akakaa na simu kama mtoto na peremende, anauliza, "Na huyu anayelia ni nani? Alinijua wapi?" Kisha akasema, "Haya, sasa nisikie wewe ulisema nini juu yangu."

Mama Pazia akasita, akamwekea. Mzee wangu ni mtu wa saa. Hachelewi.

Fundi Saa akangoja. "Endelea."

"Imeisha."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Miaka thelathini na saba," alisema Fundi Saa, "nimekufa, wamekuuliza, ukasema hachelewi." Akarudisha kioo jichoni. Skurubu ilimponyoka mara mbili kwenye koleo, naye si mtu wa kuponyokwa na skurubu.

Lile la "hata mimi" Mama Pazia alikuwa bado hajalisema. Alipolisema, Fundi Saa akaifunga ile saa ya mtu, akaisukuma kando.

"Nilifikiri," alianza Mama Pazia, sauti imesinyaa, "labda kesho ungeenda tena kwa dada yako. Saa chache tu. Akija, akiondoka, halafu nitamwambia taratibu kwa simu..."

"Nife tena?"

"Jioni unarudi."

"Kesho niko nyumbani kwangu," alisema Fundi Saa. "Nitavaa suruali safi, huyo mama asije akasema nilikufa mchafu. Lakini kusema, utasema wewe. Mimi sitoki chumbani mpaka useme."

Mama Vifungo alifika saa tisa. Alikuwa mdogo wa mwili, mikono yenye nguvu, na juu ya gauni amevaa koti la kiume lililopunguzwa mikono. Hakusalimia. Alimkumbatia Mama Pazia pale pale mlangoni, akalia begani kwake, na Mama Pazia, aliyekuwa amepanga kusema kabla ya karibu, akajikuta anampapasa mgongo kama mwizi anayempapasa mbwa wa mwenye nyumba.

Walipoingia, Mama Vifungo akaona viatu vya kiume kando ya mlango.

"Hujavitoa," alisema taratibu. "Hata mimi. Vyake viko pale pale, navipiga brashi."

"Dada, sikiliza..."

Akaona miwani juu ya redio. Akatikisa kichwa. Akachungulia dirishani, akaona shati linaning'inia kwenye kamba.

"Na nguo zake unafua bado?" Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Usione aibu. Mimi nilifua mashati yake mwezi mzima. Nafua, naanika, naanua, narudisha kabatini. Watoto wakadhani nimechanganyikiwa. Wewe fua, dada. Fua mpaka ushibe."

Mama Pazia akauchomoa mkono wake.

"Shati hilo limelowa," alisema, "kwa sababu alilivaa jana."

Mama Vifungo akaendelea kumtazama kwa huruma ile ile, kwa sababu neno lilikuwa bado halijafika.

"Alilivaa jana, dada. Yupo. Yuko chumbani. Siku ile alikuwa ametangulia kwa dada yake, wamehama nyumba. Nikasema nitamfuata, kwa miguu. Mkanipa pole, nikaona tamu, nikanyamaza."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Fundi Saa akatoka na suruali yake safi, akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Shikamoo," alimwamkia mwanamke ambaye yeye alimzidi umri labda kwa miaka ishirini, akajishika mdomo, hajui kwa nini limetoka.

Mama Vifungo alimtazama kuanzia miguuni mpaka utosini. Hakupiga kelele. Alikaa kitini, akafunga vifungo vya koti lake, vyote, mpaka cha shingoni.

"Na ile 'hata mimi'?" aliuliza.

Mama Pazia akaanza kumimina chai, vikombe vitatu.

"Nimekuuliza. Ile 'hata mimi' yako."

"Ya uongo."

"Hakukuita."

"Hakuniita."

"Ile ndiyo iliyonipa usingizi," alisema Mama Vifungo. "Miezi minane sikulala. Nikalala usiku huo, kwa sababu nilijua kuna mwingine. Sasa narudi nayo peke yangu."

Chai iliyomiminwa ilikaa mpaka ikafanya utando. Mama Pazia alianza kusema nisamehe, dada, sikukusudia, ni lile neno, lugha yetu nayo ina mitego. Mama Vifungo akainua mkono.

"Kundini umewaambia?"

"Nitawaambia."

"Sasa. Hapa. Nisikie."

Mama Pazia akachukua simu, akabonyeza. "Ndugu zangu, kulitokea kutoelewana kidogo..."

"Futa."

Akafuta. "Ndugu zangu, yale maneno mliyoyasikia yalikuwa..."

"Futa. Maneno hayakuja kundini yenyewe. Nani aliyasema?"

Akafuta. Fundi Saa akasogea, akamshikia simu.

"Naitwa Mama Pazia," alisema. "Mume wangu yu hai. Amenishikia simu. Mlikosea siku ya kwanza, mimi nikakosea siku kumi na mbili. Mtu mmoja humu alinipa siri ya moyo wake, nikamlipa uongo. Mwalimu, mawimbi ulinifundisha kwa huruma niliyoiba. Mkinitoa, nitoeni."

Akaachia kidole. Simu ikaanza kutetemeka mara hiyo hiyo. Wa kwanza alicheka mpaka akapaliwa. Wa pili alitukana. Yule aliyelia asimfuate alisema maneno mawili tu, "Una roho!", akajitoa kundini. Mwalimu Mkasi alituma sauti fupi: "Tumesikia. Sijui la kukuambia leo." Fundi Saa akaizima.

Mama Vifungo akasimama. Mama Pazia akasimama naye. "Nitakupigia," alisema.

"Usinipigie."

"Basi wewe, ukipenda..."

"Usiningoje pia." Akaangalia viatu mlangoni kwa muda, akavikwepa, akatoka.

Fundi Saa akavivaa na kumsindikiza mpaka barabarani, maana mgeni hatolewi peke yake hata akitoka na hasira. Mama Pazia aliwaona kwa dirisha, koti la marehemu na shati la mtu hai, wanatembea wameachana kidogo. Mumewe alikawia. Yeye, mtu asiyekawia, alikawia mpaka chai zote tatu zikapoa.

Aliporudi alikaa kitini kwa mgeni.

"Amesema nini?"

"Ameniuliza kama nakoroma."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sijui, wakati huo huwa nimelala."

"Akacheka?"

"Alicheka. Halafu akalia, tukasimama hapo kwenye nguzo ya umeme mpaka amalize."

Mama Pazia alikuwa ameshika kikombe cha mgeni kwa mikono miwili. "Na juu yangu? Amesema kitu juu yangu?"

Fundi Saa alivua kiatu kimoja, akakiweka chini, akavua cha pili.

"Hapana," alisema.

Mama Pazia akangoja aongeze neno. Fundi Saa akavirudisha viatu kando ya mlango.